Mwiko Mezani kwa Mama Mei

Kwa ambaye gazeti la Jumamosi iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hajalisoma, nitamrudisha nyuma kidogo tu, maana yaliyo mbele ni mengi.

Naitwa Anitha. Nauza dawa za mifugo katika duka moja hapa Kizota. Mchumba wangu ni Noeli, fundi wa kuchomelea mageti, na nilikuwa na mimba yake ya miezi minne ambayo kwetu Mvumi hakuna aliyeijua. Harusi ilikuwa imebaki wiki tatu. Tangazo la ndoa lilishasomwa kanisani mara mbili, ikabaki mara moja, kesho yake ya siku ninayoisimulia.

Na mimi na Noeli ni watu wa ukoo mmoja. Hilo ndilo nililokiri juma lililopita, na najua wapo walionitukana. Mlinitukana kwa haki.

Kwa wasiojua mambo ya kwetu Ugogoni: ukoo una mwiko wake, kitu ambacho watu wake hawali tangu enzi za mababu. Wetu ni figo. Iwe ya mbuzi, ya ng'ombe au ya kondoo, haiingii midomoni mwetu. Ukikutana na Mgogo mwenzio naye hali figo, mnaulizana upesi mmetokea wapi, kwa sababu huenda ni ndugu, na ndugu haoi ndugu hata kama walitengana enzi ambazo hakuna anayezikumbuka.

Noeli ndiye aliyegundua kwanza, mwezi wa kwanza, baada ya mazungumzo na baba yake. Akaja kuniambia. Tulilia wote wawili, kisha tukafanya ujinga. Badala ya mzee wa ukoo, mshenga tukamfanya Obedi, rafiki yake wa karakana, tukampa uongo wa kupeleka pande zote mbili. Kwetu akataja ukoo wa mama yake Noeli. Kwao akataja ukoo wa mama yangu. Wazee wakaridhika, barua ikajibiwa, mambo yakaenda.

Kilichobaki ni wazee kuonana ana kwa ana.

Kwa kawaida wangeonana nyumbani kwetu Mvumi, akachinjwa mbuzi. Hapo ndipo nilipokosa usingizi. Mbuzi akichinjwa, vinavyotangulia motoni ni maini na figo, wageni wa heshima waonjeonje wakati nyama nyingine inaiva. Baba mkubwa angesema, "Sisi figo hatuli, wapeni wageni." Wageni wangejibu, "Na sisi hatuli." Basi, harusi ingefia pale pale kabla hata ugali haujasongwa.

Kwa hiyo nikasema tukutane mjini. Nikasema tukutane kwa Mama Mei.

Hakuna mtu wa Kizota asiyepajua. Huo mgahawa wa Kichina ulikuwapo kabla ya nusu ya karakana zilizouzunguka, kabla Dodoma haijajaa magari ya serikali. Mama Mei alikuja na mumewe kuwapikia mafundi wa barabara. Barabara ikaisha, mume akafariki, yeye akabaki na sufuria zake, na sasa Kiswahili chake kinawapita wengi waliozaliwa hapa. Kwa miaka mitatu mimi na Noeli tulikula pale kila Ijumaa, tambi na wali wa kukaanga, meza ya dirishani.

Nilipiga hesabu hivi: kwa Mchina hakuna mbuzi anayechinjwa mbele ya watu. Nyama inaletwa imeshakatwakatwa, ina mchuzi mweusi, ina jina ambalo mzee wa Mvumi hawezi hata kuliuliza. Nikajiona nina akili kuliko ukoo mzima.

"Mama Mei," nilimwambia siku mbili kabla, "niletee kuku, samaki, mboga, wali na ile supu ya mayai. Nguruwe usilete kabisa. Shangazi yake Noeli ni Msabato."

"Wazee wa pande mbili?"

"Ndiyo, mama."

"Nimeelewa, mwanangu. Siku yako hiyo, niachie."

Sikutaja figo. Niliona nikilitaja tu neno hilo ataniuliza kwa nini, na mimi uongo wa kumjibu sikuwa nao. Ule niliokuwa nao nilishautumia wote.

* * *

Jumamosi, saa saba mchana, tukaketi watu sita. Upande wetu alikuwa baba mkubwa Faustini, aliyenilea tangu baba yangu afariki, mzee wa kanisa, amevaa koti lake la Pasaka. Mama alibaki Mvumi na mguu wake mgonjwa. Upande wa pili alikuwa baba yake Noeli, Mzee Nathanaeli, dalali wa mahindi wa Kibaigwa, na dada yake, shangazi Ester, aliyetokea moja kwa moja kwenye ibada ya Sabato. Halafu Noeli, Obedi, na mimi ndani ya gauni la kitenge pana kupita kiasi.

"Mbukwenyi," akasalimu baba mkubwa kwa Kigogo.

"Mbukwenyi," wakaitika, mikono ikapeanwa, nikapiga magoti nikawaamkia. Roho ikatulia kidogo.

Mama Mei alikuwa ametupa meza kubwa ya duara, ile yenye kioo kinachozunguka katikati. Shangazi Ester akakisukuma kwa kidole, kikazunguka na chupa ya sosi juu yake.

"Mbona meza yenyewe imelewa?"

"Haijalewa, shangazi. Unazungusha ili chakula kikufuate ulipo."

"Basi kikifika kwangu kikae kwanza."

Tukacheka. Hata baba mkubwa alicheka, na yeye si mtu wa kucheka mbele ya wageni. Nikamwangalia Noeli, naye akanikonyeza. Nikasema moyoni: tumepita.

Mzee Nathanaeli akakohoa.

"Sasa, mzee mwenzangu. Obedi alitutajia ukoo wenu. Nilipata kumjua mtu mmoja wa ukoo huo, mrefu, ana kengeza, alikuwa akileta mtama pale Kibaigwa. Ni nani kwenu?"

Baba mkubwa akakunja uso. "Kengeza? Ukoo wetu? Alikutajia ukoo gani?"

Obedi akapaliwa na soda.

"Supu hiyo!" akasema huku machozi yanamtoka. "Wazee, supu hiyo inakuja. Ya hapa ikipoa haifai hata kidogo!"

Kweli ilikuwa inakuja. Sijawahi kuipenda supu ya mayai kama nilivyoipenda siku ile. Bakuli zikagawiwa, wazee wakashika vijiko, swali likaachwa mezani. Akaja samaki mzima na tangawizi, wakaja kuku, ikaja mboga. Shangazi Ester akawa anazungusha kioo anavyotaka, baba mkubwa anafukuzia kipaja cha kuku kinachompita, watu wanakula.

Ndipo Mama Mei akatoka jikoni mwenyewe, amebeba sahani kwa mikono miwili.

Ilikuwa nyama nyeusi nyeusi, kila kipande kimechanjwa kwa kisu kikajikunja kikafunguka kama ua, na vitunguu, na pilipili hoho nyekundu. Ilipendeza. Mama Mei akaitua katikati, akainama sikioni kwangu, akanong'ona akitabasamu.

"Zawadi yangu. Miaka yote nawaona nyinyi hapa, mgeni wa heshima mnampa figo kwanza. Nimezikata maua ili zipendeze. Za mbuzi, za leo leo."

Akanipigapiga begani, akarudi jikoni.

Nilitaka kulia, na sikuwa na ruhusa ya kulia.

Hakuna mwingine aliyesikia, na hakuna aliyeitambua ile nyama, kwa sababu nani kwetu amewahi kuona figo iliyochanua? Shangazi Ester akaizungusha ikaenda kwa kaka yake. Mzee Nathanaeli akachukua kijiko.

Nikakisukuma kioo. Sahani ikampita.

"Pole, baba. Nilikuwa nataka sosi."

Ikasimama mbele ya baba mkubwa. Nikasukuma tena. Ikasimama mbele ya shangazi. Nikasukuma.

"Wewe binti," akasema shangazi Ester, "unakula au unaendesha gari?"

Wakacheka. Nikamwinamia Noeli.

"Zile ni figo," nikasema kwa pumzi tu.

Rangi ikamtoka. Akatafuna kidogo alichokuwa nacho mdomoni, akameza, akaegemea karibu yangu kama mchumba anayesema neno tamu.

"Nyamaza. Waache wale. Hawatajua."

"Ni baba yako, Noeli."

"Hawajui ni nini. Wakila wamekula nyama tu. Tukisema, tumekwisha."

Hapa naomba mnielewe. Mimi niliudanganya ukoo, nilidanganya kanisa, nilimdanganya mama yangu mgonjwa. Lakini huyu mzee aliyevaa koti la Pasaka alinibeba mgongoni kutoka Mvumi hadi barabarani siku niliyoumwa degedege. Amefikisha miaka sitini na nane bila figo kugusa ulimi wake. Nikae nimtazame akiila, kwa sababu ya harusi yangu?

Na nikisema "msile, ni figo", vijiko vitatu vitawekwa chini kwa pamoja, na siri yote itakuwa imesomwa mezani kama tangazo la kanisani.

Nilipoinua macho, baba mkubwa alikuwa amekishika kioo kwa kiganja kisizunguke.

"Leo hili dude limekutana na mimi," akasema, akachota vipande viwili akaweka kwenye wali wake. "Haya maua nayo ni ya kula?"

Kijiko kikapanda.

Sijui mkono wangu ulifikaje. Nilichojua ni kwamba vile vipande vimo mikononi mwangu, nimevichukua kwenye kijiko cha baba mkubwa kwa vidole, mbele ya baba mkwe, nikavitia mdomoni.

Kijiko cha baba mkubwa kikabaki hewani, kitupu.

"Anitha?" akasema baba mkubwa.

Nilikuwa natafuna. Sikuwahi kuila tangu nizaliwe. Ilikuwa laini, ina tangawizi, ni tamu, na utamu huo ndio ulioniumiza zaidi. Nikameza.

Kisha nikaona sahani bado imejaa, na Mzee Nathanaeli ana kijiko chake mkononi. Nikaivuta sahani nzima kwangu.

"Samahanini wazee," nikasema. "Hii naipenda sana."

Nikala. Nikala mbele yao wote, bila kupumzika, bila kumkaribisha mtu. Bibi harusi mtarajiwa, siku ya kwanza na wakwe, amekumbatia sahani kama mtu aliyetoka jela. Baba mkubwa aliangalia dirishani kwa aibu. Mzee Nathanaeli alirudisha kijiko chake polepole.

"Mh," akasema shangazi Ester. "Kaka, huyu tutamlisha kwa magunia. Au kuna mwenzake anamlisha humo ndani?"

Hakuna aliyecheka. Nikaendelea, mpaka kikabaki kitunguu. Kitunguu nacho nikala.

Nikawaza: limepita. Wataniona mlafi, wataniona sina adabu, watanisema mpaka Kongwa. Ulafi hauvunji ndoa. Nikafuta mdomo, nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi.

Mlango wa jikoni ukafunguka.

"Jamani!" Mama Mei akashika kiuno. "Sahani imekwisha! Wazee mmependa figo zangu?"

"Figo?" akasema baba mkubwa.

"Figo?" akasema Mzee Nathanaeli.

Walisema pamoja, kwa mshtuko ule ule. Kisha wakageuka wakatazamana.

Mama Mei naye akatutazama mmoja mmoja. "Nimekosea? Si Anitha nilimwambia? Nilimwambia hapa sikioni, figo za mbuzi."

"Hujakosea, mama," nikasema.

Baba mkubwa alinigeukia. Sikuona hasira. Ningeiona hasira ningevumilia.

"Umekula figo, Anitha?"

Nikainamisha kichwa.

"Ulizikula ili mimi nisile."

"Na mimi nisile," akasema Mzee Nathanaeli taratibu. "Kijiko changu ulikikimbia mara mbili. Binti, nani alikuambia kwamba mimi sili figo?"

Akamgeukia baba mkubwa.

"Kwani nyinyi hamli?"

"Hatuli. Tangu babu."

"Nyinyi ni nani hasa?"

Baba mkubwa akautaja ukoo wetu. Mzee Nathanaeli akaweka viganja vyote viwili mezani, juu ya kile kioo, kikasogea kidogo kikasimama.

"Obedi," akasema bila kumtazama. "Ulitutajia ukoo mwingine."

"Mimi... mimi niliambiwa, mzee," akasema Obedi. "Nilitumwa tu."

"Ulitumwa na nani?"

Obedi akanyanyuka. Nilidhani anakwenda kunawa. Alipita mlango wa mbele, na mpaka leo hajarudi.

* * *

Mama Mei aliondoka akaenda kusimama karibu na kaunta, kitambaa mkononi. Niliona anatamani zawadi yake yote irudi jikoni, na nikamhurumia, maana kosa halikuwa lake.

Aliyesema kwanza ni shangazi Ester. Alikuwa ameacha utani wote.

"Kaka, hawa si wa kwanza. Binamu yetu Asnath ilimtokea hivi hivi, na yupo na mumewe mpaka leo. Undugu unakatwa. Anatafutwa kondoo, wazee wa pande zote mbili wanasimama, wawili hawa wanaapa, wanaoana."

"Mimi ni mzee wa kanisa," akasema baba mkubwa.

"Na mimi ni Msabato. Nasema nilichokiona."

Moyo wangu uliruka. Nawaambia kweli, nilitaka kumbusu miguu. Harusi bado ipo! Mtoto atakuwa na baba! Nikamtafuta Noeli mkono chini ya meza, nikaupata, nikaubana.

"Lakini," akasema shangazi, "ni ya wasiojua. Wanaapa kwamba walipendana bila kujua. Aliyejua akaapa uongo, mzaliwa wao wa kwanza hasimami, anakufa. Hilo nalo nimeliona. Si kwa Asnath. Kwa wengine."

Noeli akautoa mkono wake ndani ya wangu.

Mzee Nathanaeli akamgeukia. "Mwanangu. Mwezi wa kwanza tulizungumza mimi na wewe habari za ukoo, nikakueleza mwiko wetu. Ulijua kwamba huyu naye hali figo?"

"Hapana, baba."

Alisema haraka, na macho makavu.

"Miaka mitatu mnakula naye hapa, hukuona?"

"Sikuona, baba. Nyumba ya Mchina mtu anakula tambi. Na Obedi sijui alitumwa na nani. Mimi sikumtuma."

Nilimtazama. Yule yule aliyekuja dukani kwangu mwezi wa kwanza, akakaa juu ya mfuko wa pumba, akalia mpaka nikafunga mlango wateja wasimwone. Nilitaka kumchukia, na nikagundua bado nampenda, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Baba mkubwa akavuta kiti chake karibu yangu. Akanishika mkono, ule uliokuwa na mafuta ya figo.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Wakati mwingine mtu anasikia njaa tu. Wakati mwingine mama huyu anasema kitu sikioni, mtu hakisikii vizuri. Labda hukujua. Ukiniambia hukujua, mimi nitakuamini, na sitauliza tena mpaka nakufa."

Alikuwa ananipa mlango. Mzee wa kanisa, anayekataza uongo hata kwa watoto wa kuchunga ng'ombe, ameninunulia uongo kwa mdomo wake mwenyewe. Neno moja tu. Sikujua. Kesho tangazo linasomwa mara ya tatu, kondoo anatafutwa, tunaapa, naolewa.

Naapa nini? Na nani analipia?

Ulimini bado nilikuwa na ladha ya tangawizi. Nikauweka mkono wa baba mkubwa juu ya gauni langu, pale kitenge kilipokuwa kinaficha. Nikauacha hapo mpaka nikaona uso wake umebadilika.

"Nilijua, baba mkubwa," nikasema. "Noeli ndiye aliyeniambia. Tulimtuma Obedi wote wawili. Na kuapa siwezi, kwa sababu huyo mzaliwa wa kwanza ameshafika."

Shangazi Ester akaziba mdomo. Mzee Nathanaeli akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake, akamwangalia mwanawe akisubiri aseme.

Noeli hakumtazama baba yake. Alinitazama mimi, kwa utulivu, kama mteja aliyeletewa chakula asichoagiza.

"Mzaliwa wa nani?" akaniuliza.